Usiseme Mbili Kama Ni Nane

Mwanangu Robi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nimeikalia sentensi hiyo tangu nilipobandika maharage, nikaona siwezi kuiandika. Wewe hujawa mbali bado. Uko Nyarero unamuaga rafiki yako Ghati, na ukirudi utanikuta hapa hapa jikoni. Halafu mimi si mzima wa afya. Sijala kitu tangu jana ulipoanza kukunja nguo. Basi naanza bila salamu, utanisamehe.

Sitaandika habari za sweta, wala za maji ya kunywa, wala za neti. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa mdogo, siku hizi unayamalizia mwenyewe kabla sijafunga mdomo. "Ninywe maji, nisikae na nguo mbichi, nisikimbie kama mbuzi aliyekata kamba. Mama, nimesikia." Wala sitaandika habari za mdogo wake Mama Zuhura utakayekaa kwake Mwanza. Mama Zuhura mwenyewe alinimaliza pale dukani kwake Tarime mjini, nilipoanza kumuuliza maswali katikati ya vitenge. Alinikatiza: "Mama Robi, mdogo wangu amelea watoto wa watu mpaka wengine wamesahau kwao. Atakula, atalala, Jumapili ataenda kanisani kwake, Ijumaa sisi tutaenda kwetu. Sasa unanunua kitenge au unanihoji?" Nikanunua kile cha bluu, nimekuwekea chini kabisa ya begi.

Ninachotaka kuandika ni habari ya ile namba uliyoitaja siku ile kliniki.

Najua unakumbuka. Wale watu wa utafiti walikuwa wametoka Mwanza, yule daktari kijana mwenye miwani na Sista Adela. Walikuwa wamekueleza kila kitu cha dawa wanayoijaribu, kwa Kiswahili, na mimi pale niliposhindwa Sista akamwita mhudumu mmoja wa kwetu akanirudia kwa Kikurya. Halafu Sista akatoa ile kadi yenye nyuso zimechorwa, wa kwanza anacheka, wa mwisho analia. Akakuuliza, "Wiki iliyopita ulipobanwa na maumivu, yalikuwa ngapi? Sifuri ni hakuna kitu. Kumi ni maumivu ambayo hujawahi kuona makubwa zaidi ya hayo."

Ukasema, "Mbili."

Wiki ile, Robi, nilikukanda miguu kwa maji ya moto mpaka viganja vyangu vikawa vyekundu. Ulikuwa umeuma pembe ya blanketi. Asubuhi nilipolitoa kulianika nikakuta limetoboka. Na bado niliposikia umesema mbili, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiweka sawa kwenye benchi. Nikajisemea, huyo ndiye binti yangu, acha wageni waone.

Sista akaushika mkono wako uliokuwa bado umevimba. "Mkono huu ndio mbili?"

"Ndiyo, Sista."

"Na tatu inafananaje?"

Uliangalia chini ukacheka kile kicheko chako cha puani. Akanigeukia mimi. "Mama, nyumbani huwa analia?"

Nikajibu haraka kama mtu aliyeulizwa habari ya ng'ombe wake wa maziwa. "Hapana! Huyu hajalia tangu akiwa mtoto wa kutambaa."

Nilitegemea aseme hongera. Hakusema. Alilaza kalamu juu ya meza, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenigombeza. Akasema, "Mama, dawa hii hatujui kama inawasaidia watu wa selimundu, hii sikoseli yenu. Tungejua, tungewapa tu bila maswali. Damu yake tutaipima, lakini ndani ya mfupa wake mimi siwezi kuingia. Maumivu yana shahidi mmoja, ni yeye. Akisema mbili kabla ya dawa, na mbili baada ya dawa, mimi niseme imesaidia au haikusaidia? Na ikimdhuru akanyamaza, nitajuaje?"

Uliniangalia wewe, ukategemea nitakutetea. Nami nikaitazama ile kalamu mezani. Njia nzima ya kurudi nyumbani Itiryo ulinisemesha habari za Mwanza na mimi naitikia tu mm, mm. Ulifikiri nimekasirika kwa sababu umekubali kwenda. Nilikuwa nimekasirika, ndiyo, lakini si kwako.

Ngoja nigeuze maharage.

Nimerudi. Kwanza hiyo hasira ya wewe kwenda niimalize. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, walikuja watu wengine na utafiti mwingine, wakataka uingie. Nikawaambia nitamuuliza baba yake. Sikumuuliza. Waliporudi nikasema baba amekataa. Baba yako mpaka leo hajui kwamba alikataa. Niliogopa, Robi. Nilisikia neno kujaribu, nikawaza wale kuku wa Bibi alipowajaribia ile dawa ya kideri ya mchuuzi wa mnadani, wakafa. Siku zile hukusema kitu, ulikuwa mtoto. Lakini mwaka huu ulipomaliza shule na umri ukafika, uliniambia pale pale kliniki, kwa sauti ndogo watu wasisikie: "Mama, safari hii sahihi ni yangu." Jioni ile nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga. Baba yako alikula akanywa maji mtungi mzima, hakuuliza.

Kwa hiyo sahihi ni yako na mimi nimekubali. Nimekubali na naogopa, vyote viwili vimekaa ndani yangu kama wake wenza.

Jioni uliyowaeleza Bibi na baba yako, mimi nilikaa pembeni nasikiliza kuliko nilivyoonekana. Bibi Wankuru akasema, "Hiyo dawa ni ya nini?"

"Ya moyo, Bibi. Wanapewa wazee waliowahi kushikwa na moyo, ili damu isigande. Sasa wanataka kuona kama itazuia damu yetu sisi wenye sikoseli isijibane kwenye mishipa."

"Ya wazee?"

"Ndiyo."

"Mzee si mimi hapa? Na moyo si huu? Nileteeni mimi hiyo dawa, mtoto mpeni supu ya kwato."

Tulicheka wote. Ukamwambia tena kwamba wengine watapewa kidonge chenye dawa na wengine kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu, na kwamba dawa zako zile za kila siku utaendelea nazo vilevile. Bibi akakuangalia kwa jicho moja.

"Yaani usafiri mpaka Mwanza kwenda kumeza unga?"

"Inawezekana, Bibi."

"Na daktari hajui amekupa kipi?"

"Hajui. Wanaojua hawakutani na sisi."

"Daktari gani hajui alichompa mtu? Mimi nikikupa uji, najua nimekupa uji!"

Ndipo baba yako akainua kichwa. Alikuwa anasokota kamba, nikadhani hasikilizi. "Mama, ngoja. Hiyo ni kama ng'ombe wetu kule malishoni Mbalibali. Kundi moja unalipitisha kwenye josho lenye dawa, kundi jingine josho la maji matupu. Baadaye unahesabu kupe."

"Hivyo hivyo, Tata," ulimwambia.

"Na ng'ombe hawajui."

"Hawajui."

"Na mchungaji naye?"

"Naye hajui."

Akacheka mpaka akaachia kamba. "Hapo ndipo walipoweka akili. Mchungaji akijua, atawaona kupe anaotaka kuwaona."

Basi mimi tangu siku ile nalitafuna neno la josho. Maana ng'ombe hasemi, lakini kupe wake unawaona, unaweka kidole unahesabu. Wewe kupe wako hawaonekani, mwanangu. Wamekaa ndani ya mifupa. Mtu pekee wa kuwahesabu ni wewe, na wewe umefundishwa kusema mbili.

Na aliyekufundisha ni mimi. Ndiyo barua yenyewe hii, yote niliyoandika huko juu nilikuwa nazunguka nyumba natafuta mlango.

Nikwambie nilikoyatoa mafundisho hayo. Mwaka niliotahiriwa nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Ilikuwa mwezi wa Desemba, umande mwingi, tulisimamishwa nje alfajiri na baridi ile unayoijua ya huku juu. Mama yangu mzazi aliniambia neno moja tu kabla sijatoka, akasema usije ukaniaibisha. Sikumwaibisha. Nilikazia macho jani la mgomba lililochanika, nikalihesabu mistari. Sikupepesa. Wanawake walipiga vigelegele, shangazi yangu akanifunika kitenge kipya, na njia nzima watu waliimba jina langu. Jina langu, Robi! Mimi niliyekuwa mtoto wa katikati, hata chakula nilisahauliwa siku nyingine. Siku ile nikajua kwamba ukiumia ukanyamaza, watu wanakuona.

Wewe hukupitia kisu. Watu wa huku wanafikiri ni kwa sababu ya ugonjwa, kwamba ungemwaga damu ukafa, na mimi huwa nawaacha wafikiri hivyo. Hata ungekuwa mzima kama jiwe la mto nisingekupeleka. Hilo nililiamua mapema, na baba yako akasimama na mimi, na Bibi alinuna akachoka akaacha. Nilidhani nimemaliza kazi. Nilidhani nimekutoa pale kabisa. Kumbe kisu nilikuzuilia na kile kimya nikakupa, nikakulisha na uji. Ulipoanguka nilikwambia inuka, mtoto wa Mkurya halii. Ulipodungwa sindano ukafumba mdomo nilikupa ndizi mbivu. Uliposema "mama, inauma" nilikwambia "itaisha," nikaendelea na kazi. Kwa hiyo ukaacha kusema. Mtoto anasema mahali anaposikilizwa.

Na ningepaswa kuwa nimeshajifunza, kwa sababu ya Marwa.

Kaka yako Marwa tumekusimulia kwamba alikuwa mpole, alikuwa anapenda kupiga nyuzi za litungu la babu yake, alikufa kwa homa. Tumekusimulia kidogo kwa sababu hatuwezi kusimulia kingi. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu siku hiyo. Alirudi na mbuzi wa Bibi jua likiwa bado juu, kabla ya saa yake. Macho yalikuwa ya njano na tumbo limejaa upande wa kushoto. Bibi akamwita, "Mura, mbona mapema? Unaumwa?" Akasema, "Sijambo." Bibi akasema, "Mwone dume hili! Linaumwa na linasema sijambo." Naye akatabasamu, meno ya mbele hakuwa nayo, na mimi nikafurahi.

Halafu nilimwona ameshika mwimo wa mlango. Mtoto mzima hashiki mwimo, Robi. Mtoto anaupita mlango kama upepo. Nilimwona ameushika kwa mikono yote miwili kama mzee, na mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikamwona. Nikaendelea kusonga.

Kesho yake baba yako alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka Tarime. Hawakufika.

Daktari wa kliniki, miaka mingi baadaye, tulipojua jina la ugonjwa kwa kukupima wewe, alinieleza kwamba ni wengu, yaani bandama, ulijaa damu ghafla, kwamba hata angelia huenda isingesaidia, kwamba barabara ile ilikuwa mbaya na hospitali mbali. Alikuwa ananifariji, nilimshukuru. Lakini ule muda kati ya mwimo wa mlango na asubuhi, ule ulikuwa wangu. Nikiosha vyombo unanirudia. Na uangalie vizuri utaona: tangu siku ile Bibi hajamsifu mtoto yeyote kwa kunyamaza. Mtoto wa jirani akianguka asilie, Bibi anaondoka pale.

Sikuandikii haya ili ulie ndani ya basi. Nayaandika kwa sababu uliposema "mbili" kwa Sista, ulisema kwa sauti ile ile ya Marwa. Na mimi nikafurahi tena. Mara ya pili! Ndiyo maana sikuongea njia nzima.

Sasa nisikilize, na hapa nitakuwa mama mwenye kuudhi. Sista alinikalisha pembeni wakati wewe unatolewa damu, akaniambia dawa ya moyo ile, kwa kuwa inazuia damu kuganda, inaweza kumfanya mtu atokwe damu kuliko kawaida. Puani, kwenye fizi, akijikata na kisu cha jikoni isikatike upesi. Nikamuuliza, "Na kwa mwanamke, zile siku zake?" Akasema, "Hizo ndizo ninazoziogopa zaidi, mama, kwa sababu wasichana hawatuambii. Mmoja anakuja amepauka kama karatasi, unamuuliza, anasema sijambo, Sista."

Nilihisi ananisema mimi na ukoo wangu.

Nakujua. Nyumba ya watu, mgeni, daktari mwanaume mwenye miwani, utaona aibu. Utafua usiku wenzako wamelala, utajifunga kitambaa cha pili, utasema labda mwezi huu tu. Robi, usifanye hivyo. Simama mbele ya yule daktari kijana umwambie damu ya mwezi imezidi. Kama atatazama dirishani, atazame. Kama sauti itatetemeka, itetemeke. Kama ni saa mbaya na Sista hayupo, mwamshe mdogo wake Mama Zuhura, hata kama ulisikia anakoroma. Aibu inaisha ukishakunywa chai. Mimi nimekaa na aibu za kila aina, hakuna hata moja iliyoniua.

Na lingine alilosema Sista, na hili nilimfanya alirudie mara nyingi mpaka akatabasamu: unaweza kutoka. Siku yoyote, bila kueleza sababu, na watakutibu kama kawaida. Nikamwambia, "Hata kama mmeshamlipia nauli?" Akasema hata hivyo. "Hata kama mmebakiza kidogo kumaliza?" Hata hivyo. Wewe unaweza kukaa mahali pabaya kwa sababu ulisema utakaa. Hilo nalo umelirithi kwangu. Usikae ndani ya kitu kwa sababu ya heshima. Na usitoke kwa sababu yangu pia, kwa sababu umesikia kwenye simu sauti yangu imekuwa nyembamba. Toka ukiona mwenyewe, kaa ukiona mwenyewe.

Nimetoka nje kidogo kuangalia njia. Hujaonekana. Ghati amekushika kwa maneno.

Nikwambie jambo la kunicheka. Tangu uliposaini nimekuwa nasali sala mbaya. Kwanza nilisali, Mungu, apewe kidonge chenye dawa, apone, asiume blanketi tena. Nikasema amina, nikalala. Katikati ya kulala nikakumbuka damu ya puani, nikaamka nikasali, Mungu, nimekosea, apewe kile kitupu, kisimdhuru. Nikasema amina. Nikakaa kitandani nikawaza, sasa kama kitupu ndicho, mtoto atakwenda kuteseka Mwanza bure kama alivyosema Bibi. Nikataka kusali tena, nikaona Mungu atachoka na mwanamke huyu. Baba yako akaniuliza gizani, "Unaongea na nani?" Nikamwambia, "Na anayejua kilicho ndani ya kidonge." Akasema, "Basi mwachie." Akageuka ukutani akalala. Wanaume wanajua kuachia. Mimi sijui. Ila nimeacha kumwambia Mungu kipi. Namwambia tu, wewe unakijua.

Na jambo jingine nililoliona baadaye ni hili, kwamba hata kama kitakuwa kitupu, namba zako zitakazokuwa za kweli zitamfaa mtu. Wakisema waliopewa dawa walipungukiwa na maumivu, watakuwa wamelinganisha na wewe uliyesema nane ni nane. Kuna mama mahali, labda Mugumu, labda Musoma, ana mtoto ameshika mwimo wa mlango leo. Simjui. Mtoto wake atapewa dawa au atanyimwa kwa sababu ya namba mlizozitaja wewe na wenzako. Ukisema mbili kwa kujisifu, unamdanganya mama huyo. Hili nalisema polepole maana ni kubwa kuliko mimi, nimelipata jana nikipepeta mtama, na bado sijalizoea.

Sista alisema kila jioni watakupigia simu kuuliza namba. Wakishamaliza wao, na mimi nitapiga. Na hapa ndipo nataka tukubaliane kitu, wewe na mimi. Umelelewa kwenye salamu. Mtu akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua, halafu ndiyo unasema "ila." Bibi alipofiwa na dada yake, jirani aliuliza habari za hapa, akajibu nzuri, ila tuna msiba. Tunacheka lakini ndivyo tulivyo. Kwa watu wengine endelea kusema hivyo, usije ukaonekana huna adabu. Shikamoo za wakubwa usiziache. Lakini mimi nikipiga, tukishasalimiana, nipe namba. Usinipe "salama, mama." Salama yako mimi siiamini tena.

Utasema nitaogopa nikisikia nane. Nitaogopa, ndiyo. Nitashika kichwa, nitamwita baba yako, nitamsumbua Mama Zuhura ampigie mdogo wake. Hayo ni yangu, niachie. Wewe umenilinda vya kutosha. Umekuwa unauma blanketi ili mimi nilale, na mimi nilikuwa silali, nilikuwa nakusikia ukiuma. Tumelindana namna hiyo miaka yote, kila mmoja upande wake wa ukuta, na hakuna aliyelala.

Blanketi hilo lenye tundu sikukuwekea kwenye begi. Nimekuwekea jipya. Nilitaka kulishona lile la zamani, nikaliangalia, nikaliacha lilivyo, nitajifunika mimi.

Maharage yameiva. Sasa nasikia sauti kule kwenye migomba. Ni wewe. Bibi amekudaka njiani, anakuuliza habari za Nyarero, na wewe unasema nzuri, Bibi, wanakusalimu. Unacheka. Lakini natazama kupitia tundu la dirisha na naona umesimama mguu mmoja, ule wa kulia unaupumzisha, na mkono wako umeshika mgomba.

Nitaikunja barua hii niiweke juu ya sweta, utaisoma basi likishaondoka, usiisome mbele yangu. Na sitasonga ugali kwanza. Natoka kuja hapo mgombani kukuuliza mguu ni ngapi. Ujibu, hata kama Bibi yupo. Ukianza na mbili nitakuuliza tena.

Nawe uniulize mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kwa hiyo sina mazoezi, lakini nimefikiria tangu nilipobandika maharage, nimezitazama zile nyuso zote kichwani mwangu, kutoka anayecheka mpaka anayelia.

Leo mimi ni tisa, Robi.

Mama yako,
Wegesa